Roboti nayo hupotea ndani ya nyumba: Inavyotumia alama kujua ilipo, na mambo ya kuangalia mzazi

SIKU ya kwanza shuleni, mtoto wa darasa la kwanza hufundishwa jambo moja muhimu kabla hata ya herufi: njia ya kwenda chooni na kurudi darasani. Mwalimu hamwambii atembee mita 30 kisha ageuke nyuzi 90. Humwambia, "Pita ofisi ya mwalimu mkuu, ukiiona kengele kata kulia, ingia mlango wenye picha ya msichana."

Kwenda huwa rahisi. Shida ni kurudi. Milango yote ya madarasa ina rangi moja, madirisha yanafanana, na kila chumba kinatoa sauti za watoto wanaosoma kwa pamoja. Mtoto anasimama barazani, machozi yanamlengalenga, mpaka anapoliona pipa la maji la bluu lililo nje ya darasa lake. Hapo anajua alipo.

Roboti zinazotembea ndani ya majengo zina shida hiyohiyo, na kwa kiasi kikubwa zinaokolewa na njia hiyohiyo: kutafuta kitu kinachojulikana, kisha kujiuliza, "Kama kile kiko pale, basi mimi niko wapi?"

Kwa mzazi, jambo hili si la wataalamu peke yao. Roboti za kufagia sakafu zinauzwa mtandaoni na kwenye maduka ya miji mikubwa. Hospitalini nako zimefika. Mei 2020, Rwanda ilianza kutumia roboti tano katika mapambano dhidi ya ugonjwa wa corona, zikisaidia kazi kama kupima joto la mwili, ili wahudumu wasikaribiane sana na wagonjwa. Mtoto anayeanza shule leo huenda akapishana na roboti kwenye korido za hospitali au kwa shangazi yake, na wengine watazitengeneza. Ni vizuri mzazi ajue mashine hiyo inaonaje njia, na inaona nini kingine ikiwa njiani.

Simu inajua barabara, haijui chumba

Wengi hudhani roboti inatumia ramani ya setilaiti kama simu ya dereva wa bodaboda. Nje, njia hiyo inafaa. Ndani ya jengo inafeli.

Setilaiti za GPS ziko umbali wa takriban kilomita 20,000 juu ya dunia. Mawimbi yake yakifika chini huwa dhaifu sana, na zege, matofali na bati huyazuia au kuyapotosha. Hata nje, simu ya kawaida inaweza kukosea kwa mita kadhaa. Barabarani hilo halina neno. Ndani ya nyumba, kosa la mita tano linatosha kumfanya mtu wa sebuleni aonekane yuko jikoni kwa jirani.

Njia ya pili ni kuhesabu. Roboti inahesabu mizunguko ya magurudumu yake na kukadiria imekwenda umbali gani na imegeuka kiasi gani. Kila mtoto ameshacheza mchezo huu: fumba macho, tembea kutoka kitandani hadi mlangoni ukihesabu hatua. Hatua tano za kwanza zinakwenda vizuri. Hatua ya kumi unagonga kabati.

Kosa hujilimbikiza. Roboti ikikosea mwelekeo kwa nyuzi moja tu, baada ya mita 10 itakuwa imepotoka kwa zaidi ya sentimita 17. Gurudumu likiteleza kwenye sakafu yenye maji au likikwama kwenye ukingo wa zulia, hesabu inaharibika zaidi. Na kwa kuwa macho yamefumbwa, hakuna kinachoiambia kuwa imekosea.

Dawa ni kufumbua macho. Roboti inahesabu hatua zake, halafu kila inapoona alama inayoijua, inasahihisha hesabu.

Alama ya kubandika

Alama za kuona ziko za aina mbili: zile zinazowekwa na watu kwa makusudi, na zile ambazo tayari zipo ndani ya jengo.

Ya kwanza ni rahisi kuielewa kwa yeyote aliyewahi kuskani msimbo wa QR dukani ili alipie bidhaa. Msimbo wa QR ulibuniwa Japani mwaka 1994 kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari. Roboti nyingi hutumia ndugu yake aliye rahisi zaidi: mraba mweusi wenye vijiboksi vichache vikubwa vyeupe na vyeusi ndani. Aina moja maarufu, AprilTag, ilitoka Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, mwaka 2011. Programu yake ni ya bure, na alama zenyewe zinaweza kuchapishwa kwenye karatasi ya kawaida.

Ndani ya alama hiyo hakuna maelezo marefu. Kuna namba tu. Roboti ndiyo yenye orodha: namba 7 iko mlango wa jikoni, namba 8 iko juu ya kabati la dawa. Vijiboksi vyake vimekuwa vikubwa ili kamera iweze kuvisoma kwa mbali, na michoro imechaguliwa isifanane, ili namba 7 isisomwe kimakosa kuwa 8.

Lakini kujua "naiona namba 7" hakutoshi. Roboti inahitaji kujua iko umbali gani na imekaa upande gani. Hapo ndipo ukubwa na umbo vinapofanya kazi.

Kitu kikiwa mbali huonekana kidogo. Alama inayochukua nukta 200 kwenye picha roboti ikiwa umbali wa mita moja, itachukua nukta 100 ikiwa mita mbili, na nukta 50 ikiwa mita nne. Kwa kuwa roboti inajua ukubwa halisi wa karatasi ile, inapiga hesabu kinyumenyume na kupata umbali. Na kama mraba unaonekana umebanwa upande mmoja, kama mlango unaoutazama kutoka ubavuni, roboti inajua haijasimama mbele ya alama moja kwa moja. Kwa kutumia pembe nne za mraba mmoja tu, inaweza kukadiria umbali, upande na mwelekeo wake.

Maghala makubwa yanatumia wazo hilohilo chini ya miguu. Kampuni ya Kiva Systems ya Marekani, iliyonunuliwa na Amazon mwaka 2012, ilibandika alama sakafuni katika mpangilio wa vyumba vyumba kama bao la drafti. Roboti inayobeba rafu inapopita juu ya kibandiko, inakisoma na kujua ipo kwenye chumba kipi.

Nyumba isiyo na vibandiko

Nani atakubali kubandika karatasi nyeusi ukuta mzima wa sebule? Kwa hiyo roboti za nyumbani hujifunza alama zilizopo: kona ya dari, fremu ya picha, ukingo wa dirisha, taa.

Roboti ya kufagia ya Roomba, ilipoanza kuuzwa mwaka 2002, haikuwa na ramani. Ilikwenda, ikagonga, ikageuka, ikajaribu tena. Mwaka 2015 kampuni hiyo ilitoa aina yenye kamera iliyojifunza chumba huku ikifanya kazi. Kamera inatafuta nukta zinazojitokeza kwenye picha, kwa mfano pale weupe wa ukuta unapokutana na weusi wa fremu, kisha inafuatilia nukta hizo zinavyosogea kadiri yenyewe inavyosogea. Zilizo karibu husogea haraka kwenye picha, zilizo mbali husogea polepole. Abiria wa basi hukiona kitu hichohicho: nguzo za umeme zinapita mbio, mlima wa mbali umetulia.

Kutokana na nukta hizo roboti inajichorea ramani, na wakati huohuo inajitafuta ndani ya ramani hiyo hiyo.

Moja ya mitihani mikubwa ya kazi hii ilifanyika mbele ya familia. Mwaka 1998, roboti iliyoitwa Minerva iliwekwa kwa majuma mawili katika jumba la makumbusho la historia ya Marekani la Smithsonian, jijini Washington, ili kuwatembeza wageni. Ilitembea zaidi ya kilomita 44. Tatizo lake kubwa lilikuwa watu. Walikuja wengi wakaizunguka, kuta zikafichika. Miguu ya watu haiwezi kuwa alama, maana haitulii.

Watafiti wake walikuwa wamelifikiria hilo. Waliipa Minerva kamera inayotazama juu. Dari ya jumba ilikuwa na taa na mistari ambayo umati haukuweza kuiziba. Roboti ikawa inawazungumzisha watu waliokuwa mbele yake, huku ikisoma dari kujua ilipo.

Kujua ilipo lilikuwa suala la usalama. Mwaka mmoja kabla, roboti nyingine ya kutembeza wageni, Rhino, ilifanya kazi katika jumba la makumbusho la Bonn, Ujerumani. Baadhi ya vizuizi, kama vioo vya maonyesho, vihisi vyake havikuweza kuviona. Ilivikwepa kwa sababu ramani iliiambia vilipo. Roboti ya namna hiyo ikijidanganya kuhusu mahali ilipo, itagonga kioo huku ikiamini njia ni nyeupe.

Alama inapohama

Ubora wa alama huonekana siku mambo yanapoharibika.

Kiti kinasogezwa. Pazia linafungwa, chumba kinaingia giza. Jua la saa kumi linapiga kwenye kioo na kamera haioni kitu. Na liko tatizo la yule mtoto wa darasa la kwanza: korido yenye milango kumi inayofanana. Hapo roboti inaweza kuona vizuri kabisa na bado isijue ipo mlango wa ngapi.

Tatizo gumu kuliko yote watafiti wanaliita la roboti iliyotekwa. Mtoto wa miaka mitatu anainyanyua roboti sebuleni, anaiweka chumbani chini ya kitanda. Magurudumu hayakuzunguka, kwa hiyo hesabu inasema bado iko sebuleni.

Mwaka 1999 watafiti, wakiwemo baadhi ya waliotengeneza Minerva, walieleza njia ambayo inatumika hadi leo. Badala ya roboti kushikilia jibu moja, inabeba makisio mengi kwa wakati mmoja: huenda niko mlangoni, huenda niko karibu na kochi, huenda niko koridoni. Kila inapoona alama, makisio yasiyolingana na inachokiona yanapungua, yanayolingana yanaongezeka. Baada ya muda mengi yanakusanyika sehemu moja. Yakiwa yametawanyika, roboti inajua kwamba haijui, na iliyotengenezwa vizuri hupunguza mwendo au kusimama na kutazama tena.

Watafiti haohao waliongeza busara nyingine waliyoifananisha na mwendo wa vyombo vya baharini. Nahodha asiye na uhakika hakati bahari katikati. Anapita mahali ambapo bado anaiona nchi kavu, hata kama safari inarefuka. Minerva nayo ilifundishwa kutokatiza ukumbi mpana na mtupu, na badala yake kupita kando, mahali penye vitu vya kutambua. Mkazi yeyote wa mwambao aliyepanda jahazi atawaelewa.

Jaribio la jioni moja

Familia inaweza kuuona ukweli huu kwa kamba, chaki na kifuniko cha soda. Mtoto wa darasa la nne au la tano anaweza kuongoza.

Kwanza, chagueni vitu vitatu vya kudumu sebuleni ambavyo havijapangwa kwenye mstari mmoja ulionyooka: kona ya mlango, mguu wa kabati zito, na kona ya ukuta.

Pili, mzazi atoke nje. Mtoto aweke kifuniko sakafuni, akate kamba tatu zenye urefu wa kutoka kwenye kifuniko hadi kila alama, kisha akiondoe kifuniko.

Tatu, mzazi arudi na kutafuta mahali kilipokuwa kwa kutumia kamba tu. Kamba ya kwanza ikizungushwa kwa chaki itachora tao refu, na kifuniko kingeweza kuwa popote juu yake. Kamba ya pili itakata tao hilo, mara nyingi sehemu mbili, ingawa moja inaweza kuangukia nje ya ukuta. Ya tatu inabakiza sehemu moja.

Nne, rudieni, lakini safari hii alama moja iwe kigoda. Mzazi akiwa nje, mtoto akisogeze hatua moja baada ya kukata kamba. Kamba hazitakutana. Mwachie mtoto mwenyewe aseme ni kwa nini. Kutokukutana huko ndiko kunakoiambia roboti kuwa kuna kitu kimehama.

Kwa umbali, tumieni simu. Piga picha ya daftari lililosimamishwa ukiwa umbali wa mita moja, kisha mita mbili, bila kuvuta picha karibu. Pimeni upana wa daftari kwenye kioo cha simu kwa rula. La pili litakuwa karibu nusu ya la kwanza.

Jicho lililo sebuleni

Sasa swali zito kwa mzazi. Roboti inayotafuta alama kwa kamera inatazama kila kitu: fremu ya picha, na pia mtoto anayebadilishwa nguo.

Desemba 2022, jarida la MIT Technology Review liliripoti kuwa picha zilizopigwa mwaka 2020 na roboti za kufagia za majaribio za kampuni ya iRobot zilivujishwa mitandaoni. Moja ilimwonyesha mwanamke akiwa chooni. Nyingine ilimwonyesha mtoto mdogo, uso wake ukiwa wazi. Picha zilikuwa zimetumwa kwa vibarua, wakiwemo wa Venezuela, wanaoweka alama kwenye picha ili kompyuta ijifunze kutambua vitu. Kampuni ilieleza kuwa roboti hizo hazikuwa zile zinazouzwa madukani, na kwamba waliozitumia walikubali kutoa picha. Mtoto yule, hata hivyo, hakuwa na umri wa kukubali lolote.

Jambo la kuelewa ni kwamba kujua ilipo si lazima roboti itume picha nje ya nyumba. Hesabu ya nukta na alama inaweza kufanyika ndani ya mashine yenyewe, na picha ikafutwa. Hata ramani ya nukta peke yake inahitaji kulindwa: mwaka 2019 watafiti walionyesha kuwa kutokana na nukta hizo na maelezo yake, kompyuta inaweza kuunda upya picha inayokaribia chumba halisi.

Kwa hiyo, kabla ya kununua au kupokea zawadi ya namna hiyo, muulize muuzaji au soma kwenye maelekezo:

Je, ina kamera, au inapima kwa mwanga wa leza? Zipo aina zisizo na kamera kabisa.

Kamera inatazama juu darini au mbele? Inayotazama dari haikutani na nyuso za watu mara nyingi kama inayotazama mbele.

Picha na ramani vinabaki ndani ya mashine au vinakwenda mtandaoni? Je, inafanya kazi bila intaneti?

Mzazi anaweza kufuta ramani mwenyewe, na kuizuia isiingie chumba cha watoto na bafuni?

Inafanya nini ikipotea: inasimama, au inaendelea? Na je, ina vihisi vya chini vya kutambua ngazi?

Muuzaji asiyeweza kujibu maswali hayo hajui anachouza. Kama kamera haiwezi kuepukika, mlango uliofungwa bado ni kinga nzuri.

Somo kwa mtoto

Mtoto naye anaweza kufundishwa kanuni hizi kabla ya kwenda mahali penye umati, iwe stendi, hospitali au duka kubwa. Chagua alama isiyohama: jengo, nguzo, bango lililojengewa. Gari lililoegeshwa na mama anayeuza karanga vitaondoka. Chagua mbili au tatu, usitegemee moja. Ukiona hulingani na alama zako, usiendelee kutembea kwa kubahatisha. Simama, tazama tena, kisha umwombe msaada mlinzi au mhudumu aliyevaa sare.

Na yule wa darasa la kwanza? Ijumaa moja pipa la bluu litaondolewa likasafishwe. Asiyekuwa na alama nyingine atalia tena barazani. Mzazi aliyemuuliza jioni, "Na pipa likihamishwa, utalijuaje darasa lako?" atakuwa amemsaidia kutafuta jibu mapema: mwarobaini ulio mbele ya dirisha, au kuhesabu milango kuanzia ofisi ya mwalimu mkuu.